Kombo yako ya kwanza, fremu kwa fremu

Kombo ni mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi ya kujikinga. Mchezo wa kupigana hukimbia takriban fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Kidole hakiwezi kuchagua fremu moja kati ya hizo, ila emuleta, programu inayoendesha michezo ya konsoli kwenye kompyuta, inaweza kuusimamisha mchezo ukaamua taratibu. Anayeanza ningempa Street Fighter II ya Super Nintendo.

1. Fungua mchezo kwenye emuleta ya BizHawk, ingia pambano la wachezaji wawili, chagua Ryu upande wa kushoto na Ken upande wa kulia. Kisha fungua TAStudio, zana yake ya kupanga vitufe fremu kwa fremu. Utaona jedwali: mstari ni fremu, safu ni kitufe. Kubofya kisanduku ndiyo kubonyeza kitufe. Mstari wa kijani mchezo umeusoma. Mwekundu umekwama, haukusoma chochote. Jioni nzima ilinipotea nikibonyeza kwenye wekundu.

2. Msogeze Ryu hadi amkaribie mwenzake, uhifadhi tawi, yaani nakala ya kazi yako hadi hapo. Ukiharibu, unarudi hapo.

3. Weka chini na A: teke la kati la kuchuchumaa. Likishatua, jaza mistari mitatu inayofuatana: chini, chini pamoja na kulia, kulia pamoja na L. Hiyo ni Hadouken, mpira wa moto wa Ryu. Mguu ukirudi kwanza ndipo mkono utoke, umechelewa. Pandisha mistari hiyo mitatu kwa fremu moja, tazama tena. Haikutoka kabisa? Ishushe. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hakuna njia ya mkato: unapandisha, unashusha, mpaka teke likatizwe na moto utoke papo hapo.

4. Sasa ikague. Toleo hili halikuhesabii mapigo. Hesabu hiyo ilikuja na Super Street Fighter II mwaka 1993. Kwa hiyo mtumie mchezaji wa pili: kuanzia fremu inayofuata teke kutua, mshikilishe kulia, yaani nyuma kwake. Akiikinga Hadouken, kombo yako ni ya uongo, hata kama inapendeza machoni.

5. Pigo lilelile halipunguzi uhai sawasawa kila mara. Ongeza fremu moja tupu kabla ya teke, linganisha, ubaki na tawi lililouma zaidi.

6. Ukirusha video, andika waziwazi kwamba imetengenezwa kwa zana. Ukimpa mtu faili la mradi, mtajie pia toleo la romu, yaani faili la mchezo wenyewe. Mwenye toleo jingine huenda akamwona Ryu wako akipiga hewa tu.