Kuzungusha logi za seva na kuzihifadhi kabla hazijafutwa

Wengi wakishaweka logrotate, programu ya kuzungusha logi (mafaili ambamo seva inaandika kila kinachotokea), wanaona kazi ya logi imekwisha. Bado. Logrotate inazungusha, yaani inaliweka faili la zamani pembeni na kuanza jipya, kisha inafuta ya zamani, haihifadhi. Ukiandika `rotate 14` kwa logi ya kila siku, kila kilichozidi wiki mbili kinaondoka bila kuaga. Mteja akija kuuliza muamala wake wa mwezi uliopita ulikwama wapi, huna cha kumwonyesha. Kwa hiyo tutafanya yote mawili hapa: kuzungusha ili diski isijae, na kuvuna mafaili ya zamani yakakae mahali pengine.

Nimetumia Ubuntu, na programu ya mfano nimeiita `duka`, inayoandika kwenye `/var/log/duka/`. Weka jina la kwako.

1. Jua nani anakula nafasi

```
df -h /var/log
df -i /var/log
sudo du -ah /var/log | sort -h | tail -n 15
```

Usiiruke `df -i`. Diski inaweza kuonyesha nafasi ipo ila imeishiwa inodi (nafasi za kuandikisha mafaili, kila faili linakula moja) kwa sababu ya vifaili vidogo vingi mno, na hapo hakuna faili jipya litakaloandikwa.

2. Angalia kilichopo tayari

Mipangilio ya jumla iko `/etc/logrotate.conf`, na ya kila programu iko `/etc/logrotate.d/`. Nginx ukiisakinisha kwa apt inakuja na faili lake humo, huna haja ya kuandika jingine. Ukiandika la pili linaloigusa logi ileile, logrotate italalamika kuwa imetajwa mara mbili.

3. Andika faili la programu yako

Fungua `/etc/logrotate.d/duka`, uandike:

```
/var/log/duka/*.log {
    daily
    rotate 14
    missingok
    notifempty
    dateext
    compress
    delaycompress
    create 0640 duka adm
    sharedscripts
    postrotate
        systemctl kill -s HUP duka.service
    endscript
}
```

Mistari mitatu nataka uielewe vizuri.

`dateext` inaweka tarehe kwenye jina, mfano `duka.log-20250610`. Bila hiyo, majina ni namba: `.1` ya leo kesho inakuwa `.2`, keshokutwa `.3`. Kwa mtu asiyehifadhi si tatizo. Kwa anayehifadhi ni balaa, kwa sababu faili lilelile linabadilisha jina kila siku, na nakala mpya inalala juu ya ya zamani. Kumbuka tu kwamba tarehe hiyo ni ya siku ya kuzungusha, kwa hiyo ndani yake mna mambo ya jana yake. Ukitaka jina lifuate siku ya matukio, ongeza `dateyesterday`.

`delaycompress` inaliacha faili la mwisho bila kubanwa mpaka mzunguko unaofuata, kwa kuwa programu inaweza kuwa bado inalimalizia.

`postrotate` ndiyo roho ya kazi. Logrotate inabadilisha jina la faili, lakini programu imelishika faili lenyewe, si jina. Isipoambiwa ifungue jipya, itaendelea kuandika kwenye la zamani. HUP ndiyo ishara ya kawaida ya kuiambia. Hakikisha kwanza programu yako inaielewa. Programu isiyoandaliwa kuipokea HUP inakufa papo hapo ikiipata. Nginx yenyewe hufungua logi upya kwa ishara ya USR1.

4. Jaribu

```
sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/duka
sudo logrotate -vf /etc/logrotate.d/duka
```

Ya kwanza inaeleza tu ingefanya nini, haigusi kitu. Ya pili inalazimisha. Baada ya hapo tazama kama `duka.log` mpya inapokea mistari. Ikibaki tupu huku la zamani likinenepa, rudi kwenye `postrotate`.

5. Vuna

Hapa nina msimamo: mashine ya hifadhi ndiyo ije kuchukua, seva isipeleke. Seva ikiwa na ufunguo wa kuandika kwenye hifadhi, mvamizi akiingia kwenye seva anafuta logi za huku na za kule pia, na ushahidi wote umekwenda.

Kwenye seva tengeneza mtumiaji, tuseme `mvunaji`, umtie kwenye kundi la `adm` ili aweze kusoma tu. Kwenye mashine ya hifadhi weka kwenye crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha) mstari huu wa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine:

```
0 2 * * * rsync -rt --include='*.gz' --exclude='*' mvunaji@seva:/var/log/duka/ /hifadhi/duka/
```

Usiongeze `--delete` hata kwa bahati mbaya. Itaifanya hifadhi ifanane na seva, yaani kila kinachofutwa kule kifutwe na huku.

Angalia pia saa kwa `timedatectl`. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye UTC, kwa hiyo usiku wa manane wake, logrotate inapoamka, kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Mstari huo wa juu, mashine ikiwa kwenye UTC, utaanza saa kumi na moja alfajiri, mzunguko ukiwa umeshapita.

Mara mojamoja pima kama hifadhi inasomeka:

```
gzip -t /hifadhi/duka/*.gz
zgrep "ERROR" /hifadhi/duka/duka.log-202506*.gz
```

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimefuta logi ya GB 20 kwa rm, lakini df bado inasema diski imejaa. Nimekosea wapi?

Programu bado imelishika faili hilo. Jina limetoka, nafasi haijatoka. Andika `sudo lsof +L1`, utaona nani analishika, kisha uwashe upya huduma hiyo. Siku nyingine, logi kubwa inayotumika usiifute, imwage: `sudo truncate -s 0 /var/log/duka/duka.log`.

Nimeweka faili jana, leo halijafanya chochote. Hakuna hata kosa.

Ni kawaida, ndugu. Logrotate ikiiona logi kwa mara ya kwanza inaandika tarehe yake kwenye `/var/lib/logrotate/status` na kusubiri muda utimie. Ikipita siku nyingine bado kimya, endesha `systemctl status logrotate.timer`, na uangalie kama folda ya logi inaandikika na kundi lisilo root. Ikiwa hivyo, na mipangilio haina mstari wa `su`, logrotate inakataa kuigusa kwa ajili ya usalama.

Nimeandika size 100M, mbona logi imefika GB 3?

Kwa sababu ukubwa unapimwa logrotate inapoamka tu, na inaamka mara moja kwa siku. Tena `size` ikiandikwa baada ya `daily` inafuta habari yake. Tumia `maxsize 100M` pamoja na `daily`, kisha `sudo systemctl edit logrotate.timer`:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=hourly
```

Ongeza na `dateformat -%Y%m%d-%H`, la sivyo mzunguko wa pili wa siku utagongana na jina lililopo na kurukwa. Mafaili yenye mtindo wa jina la zamani yafute mwenyewe, logrotate haitayahesabu tena.

Programu yetu haielewi HUP wala ishara yoyote, na hatuwezi kuizima mchana. Tufanyeje?

Ondoa `postrotate` na `create`, weka `copytruncate`. Inanakili logi kisha inaimwaga ileile. Mistari michache inayoandikwa kati ya kunakili na kumwaga inapotea, kwa hiyo kwa logi za malipo mimi siikubali. Inahitaji pia nafasi ya kutosha nakala nzima.

Na hizi za journal, logi zinazotunzwa na systemd yenyewe?

Logrotate haizigusi. `journalctl --disk-usage` inakuonyesha ukubwa, `sudo journalctl --vacuum-time=2weeks` inapunguza. Kikomo cha kudumu ni `SystemMaxUse=500M` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf`.

Kaka, tutunze kwa muda gani? Bosi anasema milele.

Milele hapana. Logi zina anwani za IP, pengine namba za simu za watu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote hazitaki taarifa binafsi zikae kupita muda zinapohitajika. Upande wa pili, mnaoshughulika na kadi za benki, PCI DSS (kanuni za usalama wa data za kadi) inataka angalau miezi 12, na mitatu ya karibuni iwe tayari kusomwa mara moja. Kaeni na anayeshughulikia sheria ofisini, mwandike muda mmoja, kisha kwenye hifadhi muweke:

```
find /hifadhi/duka -name '*.gz' -mtime +365 -delete
```

Kabla ya kuiweka kwenye cron, iendeshe kwanza bila `-delete` usome orodha yote inayotoka.