Matundu ya pini yaliyolika katika bunduki ya kale

Katika bunduki nyingi za zamani, mtutu hushikwa kwenye ubao, yaani sehemu ya mti ya bunduki, kwa pini nyembamba zinazopita katika masikio madogo ya chuma yaliyo chini ya mtutu, na matundu zinamopita, ya ubao na ya masikio, hulika kadiri pini zinavyotolewa na kurudishwa. Kwanza hakikisheni kwamba bunduki haina risasi wala baruti, kisha mtoe pini kwa panchi ya shaba (kijiti cha kusukumia pini), huku ubao ukiegemezwa vizuri ili usibanduke kandokando ya tundu.

Kabla ya kugusa drili, pimeni pini yenyewe kwa mikromita (kifaa cha kupimia unene mdogo), kwani mara nyingi iliyolika ni pini na si tundu. Tundu la ubao likiwa limepanuka lakini bado ni duara, pini nene kidogo inatosha. Likiwa limelika na kuwa na umbo la yai, lipanueni liwe duara, lizibeni kwa kipande cha mti mgumu ambacho nyuzi zake zinafuata mwelekeo wa nyuzi za ubao, mkigandishe kwa epoksi (gundi kali ya kuchanganya), kisha mtoboe upya. Msijaze gundi peke yake.

Jambo linalosahauliwa sana ni kwamba tundu la sikio la chuma huenda lilirefushwa makusudi kufuata urefu wa mtutu, ili ubao uweze kuvimba na kusinyaa kwa unyevu bila kupasuka; huo si uchakavu, na ni kosa kubwa kuliziba. Pini za kifyatulio, kwa upande wake, mpelekeeni fundi wa silaha mwenye leseni.