Somo: Kukaa na kazi iliyo mbele yako ili moyo utosheke

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nifanyeje nitulie?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Chagua kazi moja ya kila siku: kuosha vyombo, kufua, kutembea hadi steji.

2. Simu iache chumba kingine.

3. Fuata mwili. Ubaridi wa maji, uzito wa sufuria, nyayo zikikanyaga.

4. Akili ikitoroka, irudishe. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kudhani lengo ni kichwa kisicho na wazo. Hakuna kichwa hicho. Unasugua sufuria, mara unawaza karo ya shule, mara maneno ya shemeji Jumapili. Lipe wazo jina, "karo", kisha rudi kwenye maji. Likija tena, rudi tena, hata mara ishirini. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe. Usijigombeze, maana kujigombeza nako ni kutoroka. Usifumbe macho barabarani wala juu ya boda. Na wewe uliyefiwa karibuni au uliyepitia jambo zito, ukimya unaweza kuliamsha: fanya kwa muda mfupi, macho wazi, na utafute mshauri.

5. Kabla ya kuinuka, taja kitu kimoja kilichokutosha.

MASWALI

– Kwa hiyo tusipange kesho? Kodi atalipa nani?

Sijaandika hivyo. Kupanga ni kazi. Keti, shika kalamu, panga. Ukiosha vyombo, osha.

– Nilijaribu jana, sikuhisi kitu.

Hatua ya 4. Isome.

– Kuna utafiti wowote, ama ni maneno tu?

Upo. Mwaka 2010 wanasaikolojia Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha majibu ya watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, bila kutarajia, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati mawazo yalikuwa kwingine, na hapo furaha ilipungua. Hata waliowaza mazuri hawakuwazidi kwa furaha waliotulia na walichokuwa wakifanya. Ndiyo maana nasisitiza vyombo na kufua.

– Mimi nauza samaki Dunga, ufuoni Kisumu. Tukingoja mashua alfajiri, akili yote iko kwenye bei. Nianzie wapi?

Asante kwa kuuliza, dada. Anza na masikio: injini kwa mbali, ndege, sauti za wenzako. Wasiwasi ukija, uite "bei", urudi kusikiliza. Mashua ikitia nanga, bei sasa ndiyo kazi yako. Ipe akili yote. Utapatana ukiwa na nguvu, si ukiwa umeshachoka kwa kuwaza. Uje utuambie ilivyokwenda.

– Mimi rozari hunisaidia, vidole vinapata kazi.

Kweli kabisa. Na majirani zangu Waislamu husema hivyohivyo kuhusu tasbihi.

– Niko Nakuru. Nikipanda Menengai, ule mlima wenye kreta, nashinda nikipiga picha tu.

Piga moja ukifika ukingoni, kisha simu mfukoni. Na ubebe koti, huko juu kuna upepo.