Somo: Kupima uthabiti wa bwawa la topesumu (tope la mabaki ya mgodi) kwa modeli ya kompyuta

Programu ni kazi nyepesi. Kinachoharibu majibu ni nguvu ya udongo unayoiingiza, kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

1. Chora mkato wa tuta pale lilipo refu zaidi, pamoja na matuta ya nyongeza, tabaka laini na udongo wa msingi. Mipaka ya kando iwe mbali, mara 2 hadi 3 ya kimo.

2. Anza na maji. Topesumu hulala kwa tabaka, hivyo maji hupita kwa ulalo mara 2 hadi 10 kuliko kwa wima. Linganisha na pizomita (vipima shinikizo la maji ndani ya tuta). Zikipishana, rekebisha upitishaji wa maji kwenye modeli, usiguse vipimo!

3. Topesumu legevu iliyojaa maji ikisukumwa hujibana. Maji hayapati muda wa kutoka, shinikizo hupanda, nguvu hushuka. Hiyo ni hali funge; maji yakipata muda wa kutoka, ni hali huru. Hapo tumia uwiano wa nguvu kwa mkazo fanisi wa wima (uzito wa juu ukiondoa shinikizo la maji): kilele, yaani nguvu ya juu kabisa kabla ya kushuka, kwa kawaida ni 0.20 hadi 0.25, ikishageuka uji, mara nyingi chini ya 0.10. Thamani yako itoke kwenye jaribio la koni (koni inayosukumwa ardhini kupima ukinzani).

4. Jenga tuta hatua kwa hatua, kisha gawanya nguvu kwa namba inayopanda hadi modeli ikose usawa. Namba hiyo ndiyo kigezo cha usalama. Wengi hutaka angalau 1.5 kwa hali huru, 1.3 kwa kilele cha hali funge, 1.1 baada ya uji.

5. Punguza nusu ukubwa wa vipande vya wavu (vipande vidogo ambavyo modeli imegawanywa), rudia. Jibu likishuka sana, wavu ulikuwa mpana mno.

Maswali

*Mkuu, nimepata 1.6 lakini mkaguzi amekataa. Kwa nini?*
Huenda umetumia nguvu ya hali huru tu, na hiyo haionyeshi topesumu ikigeuka uji. Bwawa la Brumadinho, Brazil, liliacha kupokea topesumu 2016. Tarehe 25 Januari 2019 liliporomoka bila tetemeko, watu 270 wakafa. Topesumu yake iligeuka uji.

*Modeli yangu inaanguka hata kwenye 1.0.*
Tazama mchoro wa mwendo. Kama kinachosogea ni ngozi ya mteremko tu, ipe ngozi hiyo mshikamano (nguvu ya kushikana kwa udongo) wa kilopaskali (kPa) 1 au 2.

*Itanionyesha tope litafika wapi?*
Hapana, wavu hupindika ukavurugika. Tumia modeli ya mtiririko, na tope lipewe ukinzani wa kuanza kutiririka. Ukiliiga kama maji, umbali na kasi vitapotoka.