Somo: Programu ya mbio za dragi imesema 12.96, gari limetoa 13.6. Nani kakosea?

Programu hizi hukadiria muda na kasi ya gari likikimbia robo maili kutoka kusimama. Wengi namba zikitofautiana hivyo huitukana programu, au huanza kuilaumu injini. Mimi husema tulia, tushike kwanza karatasi ya muda, ile unayopewa uwanjani baada ya kukimbia. Namba mbili za mwisho, muda na kasi, hazisimulii jambo moja. Kasi ya kumalizia ni habari ya nguvu ya injini. Muda ni habari ya nguvu pamoja na jinsi ulivyoondoka. Ukilishika hilo, somo lililobaki ni jepesi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya mkono

Kabla hujafungua programu yoyote, tumia kanuni ya Patrick Hale, mtunzi wa Quarter Pro, mojawapo ya programu hizo. Nimeigeuza iwe ya kilo. Gawa uzito kwa nguvu za farasi, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 7.58. Huo ndio muda wa robo maili, yaani mita 402. Kupata kasi ya kumalizia kwa kilomita kwa saa, gawa 289 kwa kipeuo hichohicho.

Gari la kilo 1,500 lenye farasi 300: 1,500 ÷ 300 ni 5, kipeuo chake cha tatu ni 1.71. Muda ni sekunde 12.96, kasi kilomita 169 kwa saa. Programu yenye gia, tairi na umbo la gari ikikupa kitu kilicho mbali sana na hapo, kuna namba umeingiza vibaya.

Sasa angalieni ujanja wa kipeuo cha tatu. Ukikosea nguvu kwa asilimia 10, muda unakosea kwa asilimia 3 tu, kama sekunde 0.4. Ndiyo maana programu nyingi huonekana hodari hata zikilishwa uongo. Mtu anayejisifu kwamba programu yake imekosea kwa asilimia 3 hajathibitisha chochote.

Hatua ya 2: pima uzito, usinakili

Hapa niliumbuka mwenyewe. Nilichukua uzito wa kwenye kijitabu cha gari, 1,390. Mimi, kofia ngumu na mafuta tukaongeza kilo 110. Programu ikanipa sekunde 0.3 za bure, nami nikatumia wikendi nzima nikitafuta hitilafu kwenye plagi. Panda mizani ukiwa ndani ya gari, basi.

Hatua ya 3: nguvu na hewa

Jueni farasi zenu zimepimwa wapi. Kanuni ya juu inataka za krankshafti, yaani zinazotoka kwenye injini yenyewe. Daino ya magurudumu (mashine inayopima nguvu inayofika kwenye tairi) hutoa namba ndogo zaidi kwa sababu giaboksi na difu (gia za ekseli) zimeshakula chao. Programu nyingi hukuuliza ni zipi, na ukichagua vibaya hasara hiyo inakatwa mara mbili au haikatwi kabisa.

Kisha hewa. Kwenye usawa wa bahari, nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Panda mita 1,500 siku ya nyuzi 30, inabaki karibu 0.97. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban moja ya tano ya nguvu, na gari letu la 12.96 linaangukia kwenye 14.0 bila kuharibika chochote.

Hatua ya 4: mita 18 za kwanza

Hapa ndipo programu zote hupwaya. Injini inapimika, uzito unapimika, lakini mshiko wa tairi kwenye lami ya saa nane mchana si ule wa saa mbili usiku. Programu inataka uiambie tairi linashika kiasi gani, na wewe unabahatisha. Joto la tairi, upepo uliojazwa, gundi ya njia, jinsi sehemu ya nyuma inavyokaa uzito ukihamia huko, na mguu wako kwenye klachi: yote yanaingia kwenye namba moja.

Dawa ni kutobahatisha. Chukua muda halisi wa futi 60 (mita 18.3) kutoka kwenye karatasi, urekebishe mshiko ndani ya programu mpaka nayo itoe muda huohuo. Hapo ndipo utazame mwisho. Kumbuka sehemu ya kumi ya sekunde uliyopoteza hapo mwanzoni haibaki vilevile. Kwa kawaida ikifika mwisho imeshakua na kuwa 0.15 au zaidi.

Hatua ya 5: soma tofauti

Turudi kwenye 13.6. Tuseme karatasi inaonyesha kasi ya 168. Programu ilitabiri 169. Kwa kasi hiyo injini inatoa kama farasi 294, kwa hiyo haina kosa. Sekunde zote 0.6 zimepotelea kwenye kuondoka na kubadili gia. Ingekuwa kasi 160, hapo ndipo ningefungua boneti.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, simu yangu yenye GPS inanipa muda mbaya kuliko uwanja. Ipi ya kuamini?*

Zote. Uwanjani saa huanza tairi la mbele linapouachia mwali wa mwanga, na gari limeshasogea kama sentimita 30. Kwa gari la kawaida hiyo ni karibu sekunde 0.3. Tafuta kwenye simu mpangilio wa kuondoa hizo sentimita.

*Fundi, programu inasema nikiweka difu fupi (linaloifanya injini izunguke zaidi kwa kasi ileile) nitaokoa sekunde 0.15. Ninunue?*

Angalia kwanza mambo mawili. Je, utavuka mstari bila kulazimika kuingiza gia nyingine? Badiliko moja la ziada linaweza kumeza faida yote. Pili, kama tairi tayari linazunguka bure, difu fupi litalizungusha zaidi, na programu uliyoipa mshiko wa kubuni haitakuonya. Ukiwa umeshafanya hatua ya 4, ule mwelekeo naukubali, hata kama si 0.15 kamili.

*Na gari la turbo kule juu milimani?*

Hupoteza kidogo, maana turbo inaweza kufidia hewa nyepesi ikiwa ina nafasi ya kuzunguka zaidi. Usitumie kiwango cha moja ya tano.

*Gari la umeme je? Langu linatoa muda mzuri lakini kasi ya mwisho ni ya aibu.*

Si aibu, ndivyo yalivyo. Toki (nguvu ya kuzungusha) yote ipo tangu gari limesimama, kwa kawaida hakuna gia za kubadili, na kasi ikipanda mengi huanza kupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ile njia ya kutafuta farasi kwa kasi ya mwisho itakudanganya. Kwako anza na mchoro unaoonyesha nguvu ya mota yenyewe kwa kila kasi.