Somo: Umepewa talaka? Usiondoke na mabegi tu

Shangazi yangu aliishi na mumewe Ngamiani, hapa Tanga, miaka 19. Alikaanga mihogo na bajia barazani kila jioni, na hela ya bajia ndiyo iliyonunua matofali mpaka nyumba ikafika kwenye linta. Siku aliyopewa karatasi ya talaka alifunga mabegi mawili, akapanda gari la Pangani, akakaa eda kwa kaka yake. Eda yenyewe ilistahili kukaliwa nyumba ileile, lakini hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemwambia pia kwamba mahakama ipo. Mimi leo ni msaidizi wa kisheria kwa sababu yake, na somo hili nitalirudia kila atakapotokea wa kuuliza.

Hatua ya 1: Jua karatasi imefanya nini

Nguvu ya talaka kidini waulizeni masheikh, wapo na wanajua. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, mume na mke wakiachana wakiwa hai, ndoa huvunjwa kwa hukumu ya mahakama. Mahakama hiyohiyo ndiyo yenye mamlaka, chini ya kifungu cha 114, ya kugawa mali mliyochuma pamoja. Kwa hiyo karatasi aliyoiandika mume haigawi mali, na wala haifuti haki yako. Itunze, utaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla maneno hayajawa mengi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, basi niacheni nikae kidogo.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikata shauri kwamba kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakivutana. Wengine waliziona kazi hizo kuwa wajibu wa mke tu, hazina hesabu. Akina mama wa nchi hii tunasimama juu ya hukumu ile mpaka leo. Ila mjue na upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi naye akazitapanya, ikazihesabu kuwa ndilo fungu lake.

Kwa hiyo mume akikupa mtaji, andika umeufanyia nini. Daftari la mauzo ya dagaa, kadi ya kikoba, risiti za saruji na bati, miamala ya simu uliyomtumia fundi, picha za msingi ukichimbwa: vyote weka, na nakala mpe mtu unayemwamini nje ya nyumba. Huna risiti? Fundi aliyepokea hela mkononi mwako ni shahidi. Jirani aliyekuona ukibeba maji ya kumwagia tofali ni shahidi. Mchango wa kazi za nyumbani nao utaje mahakamani kwa kinywa chako, usingoje hakimu aubashiri. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja kwa ushahidi, na hakuna sheria isemayo lazima iwe nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Zuia nyumba isiuzwe

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kukodisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Yenye hati, peleka zuio kwa msajili wa hati. Isiyo na hati, andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, maana mauziano mengi hupitia mikononi mwao, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ni tahadhari tu. Ukishafungua shauri, omba mahakama itoe amri ya zuio.

Hatua ya 4: Baraza la usuluhishi

Kwa kawaida huwezi kuruka hapa. Nenda baraza la kata, au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kwa ndoa ya Kiislamu. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Halivunji ndoa wala haligawi mali. Likishindwa, dai cheti kwenye fomu yake maalumu, sio barua ya "tumewashindwa". Cheti kikizidi miezi 6 kabla hujafungua shauri, hakifai tena.

Hatua ya 5: Mahakama

Mahakama ya Mwanzo inatosha, na ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Katika maombi yako taja yote kwa pamoja: talaka, mgawanyo wa mali, watoto na matunzo yao. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaidizi kama mimi hatakiwi kukutoza, wala haruhusiwi kusimama mahakamani badala yako. Nitakuandaa, ila utasema mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Makorora: Nyumba aliijenga kabla hajanioa. Nina haki gani?*

Kama mliiboresha kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, mahakama inaweza kuihesabu. Mlipaua? Mliongeza vyumba vya uani? Hayo ndiyo ya kuthibitisha, mdogo wangu.

*Mama wa Pongwe: Hatukufunga ndoa. Tumeishi miaka 9, mtaa mzima unatujua mke na mume.*

Kifungu cha 160 kinakugusa. Mkiishi miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua hivyo, sheria inadhania mmeoana, ingawa mwenzio anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Hata akifaulu kupinga, mahakama inaweza kutoa amri kuhusu matunzo yako na ya watoto.

*Binti wa Sahare: Baraza limemwita mara tatu, hataki kuja. Nimekwama?*

Hujakwama, mwanangu. Aliyeitwa akakaidi kwa makusudi hawezi kukufungia mlango. Sheria inaruhusu shauri kuendelea. Liombe baraza liandike tarehe za miito yote.

*Kaka wa Chumbageni: Mbona somo la wanawake tu? Mke wangu ndiye mwenye hati.*

Kifungu cha 59 na cha 114 vinasema mume au mke. Hatua ni hizihizi, kaka yangu, anza na ya 2.

*Bibi wa Mabawa: Mjukuu wangu ana miaka 4, baba anataka kumchukua.*

Shikamoo bibi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria inadhania ni heri kwake kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwambie mama yake akija kwangu abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi ya kliniki.