Jinsi ya Kuwadumisha Wachangiaji wa Kujitolea katika Mradi wa Programu Huria

Somo hili ni kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria (programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) ambao kila mara hupokea wachangiaji wapya, lakini baada ya kiraka kimoja au viwili, yaani marekebisho madogo ya msimbo, hawawaoni tena. Wengi wetu hukimbilia kutafuta wengine. Baada ya miaka kadhaa ya kusimamia mradi mdogo, ninaamini kwamba nguvu hiyo ingefaa zaidi kuwatunza waliokwisha kuja, maana mtu aliyeusoma msimbo wa watu asiowajua, akauelewa na kutuma marekebisho yake, amekwisha kuvuka sehemu ngumu kuliko zote, tena kwa muda wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jibu mchango wa kwanza mapema. Jiwekee kanuni kwamba kila mchango wa mgeni utajibiwa ndani ya siku mbili. Kujibu si lazima kuwe kumaliza uhakiki, yaani kuukagua msimbo wake wote. Sentensi chache zinatosha: "Asante, nimeuona mchango wako leo. Jaribio la pili la kiotomatiki limeshindwa kwa sababu ya kosa lililokuwamo kabla yako, kwa hiyo usihangaike nalo. Nitaupitia msimbo wenyewe Jumamosi." Mgeni anayesoma maneno hayo anajua kwamba kuna mtu upande wa pili, anajua lipi si kosa lake, na anajua siku ya kurudi kutazama.

Hili nimejifunza kwa kumpoteza mtu. Alituma kiraka cha mistari 11 kilichorekebisha tarehe zilizokuwa zikionekana nyuma kwa siku moja kwa watumiaji walio magharibi ya Greenwich, kwa kuwa programu ilizihifadhi kama usiku wa manane wa saa za dunia, kisha ikazionyesha kwa saa za mtumiaji. Kilikuwa kiraka safi, chenye jaribio lake. Nilikiacha wiki tano. Nilipokifungua, tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo wa mradi, lilikuwa limebadilika na kiraka hakikuweza kuunganishwa nalo, nikamwomba akioanishe upya. Hakujibu, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Hatua ya pili: safisha njia ya kuingilia. Chukua kompyuta isiyo na zana zozote za mradi, ufuate maelezo yako mwenyewe neno kwa neno mpaka majaribio yote yapite. Kila mahali utakapokwama, mgeni naye hukwama, ila yeye hana wa kumuuliza.

Hatua ya tatu: tenga kazi za wageni na uziache ziwe zao. Miradi mingi huweka alama kwenye hitilafu nyepesi, lakini alama peke yake haisaidii iwapo maelezo hayataji faili linalohusika, matokeo yanayotarajiwa na namna ya kuyapima. Mwanachama mzoefu anayeweza kuimaliza kazi hiyo kwa dakika kumi ajizuie, kwani dakika hizo kumi humnyima mgeni mlango. Tafsiri, nyaraka na upimaji pia ni michango, na majina ya waliozifanya kazi hizo yaandikwe panapoandikwa ya watunga msimbo.

Hatua ya nne: gawa mamlaka. Mchangiaji anayebaki miaka yote akiomba ruhusa ya mtu mmoja huchoka, na huyo mmoja huchoka zaidi. Apache Software Foundation, shirika la miradi ya programu huria lililoundwa mwaka 1999, limejengwa juu ya kanuni kwamba kazi ya mtu iliyoonekana ndiyo inayompa haki ya kuandika katika hazina ya msimbo, yaani mahali msimbo wa mradi unapohifadhiwa. Anza na eneo dogo: mpe mchangiaji wa kudumu moduli moja, yaani sehemu moja ya programu, na uhakiki wake uwe na uzito.

Hata hivyo, imani ijengwe kwa utaratibu. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mlango wa siri, yaani msimbo uliofichwa wa kumwingiza mtu kwenye kompyuta bila ruhusa, ulikuwa umepachikwa katika xz, maktaba ya kubana data inayotumiwa na mifumo endeshi mingi ya Linux, na aliyeupachika alikuwa mchangiaji aliyejipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili huku msimamizi aliyechoka akishinikizwa kukabidhi kazi. Funzo ninalolipata hapo ni kuwa na wasimamizi watatu au wanne wanaokaguana, kabla uchovu haujamlazimisha mmoja kumpokea yeyote anayejitokeza.

Hatua ya tano: ruhusu watu wapumzike. Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux ulioanza mwaka 1993, huwatambua wasanidi waliostaafu kwa heshima. Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, alipoacha kuiongoza mwaka 2018, wasanidi wakuu waliunda baraza la watu watano, na lugha ikaendelea.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi ni msimamizi pekee na nina ajira. Siku mbili nitaziwezaje?*

Yaachie majaribio ya kiotomatiki mambo ya mpangilio wa msimbo, ili wewe ubaki na fikra yenyewe. Ikiwa siku mbili haziwezekani, tangaza siku moja ya wiki ya kujibu na uitimize. Jibu la kwanza liandike mwenyewe.

*Nikikataa kiraka kibovu, si nitamfukuza mtu?*

Kukataa mapema kwa sababu iliyoelezwa huumiza kidogo kuliko kimya. Zungumzia msimbo, usimzungumzie mtu, na ikiwezekana mwoneshe kazi nyingine inayolingana na uwezo aliouonyesha.

*Je, zawadi husaidia?*

Kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2020 kampeni ya Hacktoberfest, iliyotoa fulana kwa waliochangia miradi ya programu huria, iliwafurikia wasimamizi na mabadiliko yasiyo na maana, hata waandaaji wakaamua kwamba mradi ushiriki kwa hiari yake tu. Fedha zikipatikana, ningezielekeza kwenye kazi zisizo na mwenyewe, kama usalama na utoaji wa matoleo, na malipo yatangazwe wazi.

*Nitamtambuaje anayekaribia kuondoka?*

Majibu yake hufupika, kisha hupokea kazi asizozianza. Mwandikie faraghani, umuulize lipi linamlemea, na umwondolee kazi hiyo siku hiyohiyo bila kumtaka aeleze zaidi. Jina lake lisiondolewe kwenye orodha.